Mafuta ya breki: RBF 600, SRF au nihamie DOT 5?

Kona_Kali
Wakuu, habari za leo. Nataka kumwaga mafuta ya breki yote niweke mapya kabla ya kwenda uwanja wa mbio wikendi ijayo. Nimebaki na machaguo matatu: Motul RBF 600, Castrol SRF, au niruke moja kwa moja hadi DOT 5 (DOT ni daraja la mafuta ya breki), maana namba yake ni kubwa. Mara ya mwisho breki zilinisumbua mwishoni. Nichukue ipi? Naagiza leo.

Fundi_Mkimya
Mkuu, hujasema gari gani, padi gani, wala mafuta yaliyomo yana umri gani. Na "zilinisumbua" ndiyo nini? Pedeli ilizama, au ilikuwa ngumu ila gari halisimami? Hayo ni magonjwa mawili. Ikizama, mafuta yamechemka, kuna mvuke ndani, na mvuke unabonyea. Ikiwa ngumu kama kawaida na gari linaenda tu, padi zimezidiwa na joto. Hapo hata umimine SRF lita kumi hupati kitu.

Mama_Turbo
DOT 5 isahau. Ni silikoni, haichanganyiki na glaikoli, yaani mafuta ya breki ya kawaida yaliyomo humo, inashika vipovu vya hewa na haifai kwenye ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge. Halafu kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 260, sawasawa na DOT 5.1, kwa hiyo hiyo namba kubwa haikuongezei kitu. 5.1 ni glaikoli, inachanganyika na DOT 4 bila shida. Aliyeyapa haya mawili majina yanayofanana hakututakia mema.

Kona_Kali
Subaru Impreza WRX STI, kalipa (vibanio vya padi) za Brembo, ABS ipo. Pedeli ilishuka hadi chini, nikapampu mara kadhaa ikarudi.

Fundi_Mkimya
Basi ulichemsha. Padi je? Umri wa mafuta?

Baba_Gia
Mimi ni SRF tu. Watu wanatazama nyuzi za kuchemka za chupa iliyofungwa: RBF 600 ni 312, SRF ni 320, wanaona mamoja. Tazama namba ya pili, ile ya mafuta yaliyokwisha kunywa maji kama asilimia 3.7. RBF 600 inashuka hadi 205 hivi, SRF inabaki 270. Na mafuta hunywa unyevu hata gari likiwa limelala, kupitia mirija ya mpira na mfuniko. Gari la kukaa miezi halafu linapelekwa kuchapwa uwanjani, hiyo tofauti si ya kupuuza.

Tenki_Nusu
Na bei yake hutaji, Baba Gia. Mimi naweka ATE Typ 200, 280 ikiwa kavu na 198 ikiwa na maji, nabadilisha kila msimu. Baada ya wikendi nzito natoa kidogo kwenye kila kalipa, kwa sababu yanayochemka ni yale ya ndani ya kalipa, si ya kwenye kopo. Mafuta ya kawaida mapya yanamshinda mfalme mzee.

Mama_Turbo
Typ 200 ilikuwa na ndugu yake wa bluu, mnaikumbuka Super Blue? Mafuta yale yale, rangi tu. Ulikuwa ukibadilisha unaona kabisa kwenye mrija ya zamani yanaisha na mapya yanafika. Sheria ya Marekani ikaikataa kwa sababu ya rangi.

Baba_Gia
Sheria ina maana yake. DOT 5 ni zambarau, LHM, mafuta ya haidroliki ya zile Citroën za zamani, ni kijani. Rangi inamwokoa mtu asichanganye.

Raba_Nene
Rangi haimwokoi asiyetazama. Nililiacha gari gereji libadilishwe oili ya injini tu. Kijana akaona kopo la breki limepungua kidogo, akajazia mafuta ya stelingi. Siku ile sikuona chochote. Baadaye pedeli ikawa juu na ngumu, nikafurahi kabisa, nikajua wameniongezea kazi nzuri bure. Kisha gari likawa zito, unaondoka kama hujashusha handbreki. Nikapaki, rimu za mbele hazishikiki, harufu ya padi imetanda. Kufungua mfuniko wa kopo, ile raba ya ndani imevimba, imejikunja pembeni, ukiirudisha haiingii. Fundi wangu akaitazama, hakusema neno, akaenda kunawa mikono.

Raba za breki zinapatana na glaikoli. Mafuta yatokanayo na petroli, kama hayo ya stelingi, yanazivimbisha. Zile za ndani ya masta (silinda kuu ya breki) zilikuwa zimeziba tundu la kurudishia, presha hairudi, breki zinajishika zenyewe. Tulibadilisha masta, raba za kalipa zote, mipira, mpaka pampu ya ABS. Gereji wakasema hawakugusa breki. Siku hizi nikimwachia mtu gari, kopo la breki nalizungushia utepe.

Baba_Gia
Pole sana. Ila hilo halihusiani na SRF.

Spana_Kumi
Turudi kwa mwenye uzi. Kalipa hizo za mbele zina skrubu mbili za kutolea upepo, ya nje na ya ndani. Wengi wanafungua ya nje wanasahau ya ndani. Mpangilio wa magurudumu ufuate kitabu cha gari, usifuate kijiwe. Kopo lisikauke, hewa ikiingia kwenye ABS unaweza kuhitaji kompyuta ya kuizungusha pampu. Chupa iwe mpya iliyofungwa. Yakidondokea rangi ya bodi, osha na maji papo hapo. Na chini ya pedeli weka kipande cha ubao, ili raba za masta zisisukumwe hadi sehemu yenye kutu ambayo hazijazoea kufika.

Tenki_Nusu
Ubao ni mambo ya wazee. Tumia chupa ya presha, bar moja na nusu, mtu mmoja anamaliza bila kugusa pedeli.

Spana_Kumi
Wazee hao hawajabadilisha masta kwa uzembe. Na si kila mtu anayo hiyo chupa. Nimeona mtu anapiga presha, mfuniko haujakaa vizuri, mafuta yakaruka mpaka kwenye bonneti.

Tenki_Nusu
Huyo hakukaza.

Mama_Turbo
Kona Kali, padi! Mara ya tatu unaulizwa.

Kona_Kali
Nilizikuta humo nilipolinunua, hazina maandishi. Nimeshaagiza RBF 600, chupa moja ya nusu lita.

Fundi_Mkimya
Haitoshi kusukuma ya zamani yote, agiza ya pili. Na vua magurudumu utazame padi zimebaki unene gani. Padi iliyoisha inapitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni, utachemsha hata hiyo mpya.

Baba_Gia
Ungechukua SRF.

Kona_Kali
Sawa wakuu. Na klachi inatumia kopo hili hili? Nayo imeanza kulegea.

Spana_Kumi
Kwenye STI ina kopo lake dogo. Tazama pia chini ya silinda yake kama inavuja.

Tenki_Nusu
Klachi ifungulie uzi wake. Hapa bado hujatuambia umri wa mafuta.