Naombeni ushauri: droo zimejaa hadi hazifungi, nataka kuzipanga kwa feng shui

Mama Wawili wa Uyole (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo, hasa wenye uzoefu wa kupanga nyumba.

Tunaishi Uyole: mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Tukuyu baada ya baba mkwe kufariki. Kila droo humu ndani imejaa, ila ya sebuleni chini ya tivii ndiyo inanitesa. Ukiivuta inakwama katikati. Ukiingiza mkono unakutana na chaja zilizokufa, rimoti ya king'amuzi tulichokwisha kugawa, betri zinazotoa unga mweupe, funguo zisizojulikana ni za kufuli gani, risiti za luku, na chini kabisa karatasi za mauziano ya shamba la baba mkwe. Juzi mtoto kapata homa usiku, kadi ya bima tukaitafuta kwa tochi ya simu.

Nimekuwa nikifuatilia feng shui, ile elimu ya Wachina ya kupanga makazi. Wanasema mrundikano unazuia chi, yaani nguvu inayozunguka ndani ya nyumba, na kwamba kona ya kusini-mashariki ni ya mali. Droo hii mbovu ipo hukohuko kusini-mashariki! Nianzie wapi? Nihamishe kabati? Na vitu vya marehemu nivifanyeje bila kumuumiza mama?

Mzee wa Sokomatola
Pole mwanangu. Chaja na rimoti tupa leo, usisubiri ushauri. Betri usizishike kwa mkono mtupu, na usizichome pamoja na takataka.

Binti wa Kihesa
Kamwene dada. Niko Iringa, na haya mambo nayapenda sana, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Kabati usilihamishe. Elimu hii ilikulia China, ambako jua la mchana liko upande wa kusini na baridi kali inashuka kutoka kaskazini, ndiyo maana nyumba nzuri kwao ilielekezwa kusini. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Hapo Mbeya sehemu kubwa ya mwaka jua la mchana linaegemea kaskazini, na upepo wa baridi wa Juni hadi Agosti unatoka upande wa kusi. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema huku dira igeuzwe, na wapo wanaokataa kabisa. Utakesha unabishana na dira.

Ipo njia nyingine, ya mkondo ulioenezwa Marekani na mwalimu Lin Yun, ambayo haitumii dira. Unasimama mlangoni ukiangalia ndani. Kona ya mbali kushoto ni ya mali, ya mbali kulia ni ya ndoa na mahusiano, katikati ni afya. Ramani hiyohiyo unaweza kuiweka juu ya nyumba nzima, chumba kimoja, hata meza ya kazi. Mimi naifuata hii.

Sasa droo. Jambo ambalo wote wanakubaliana ni kwamba kitu kilichovunjika au kazi iliyoachwa njiani hakikai ndani ya nyumba. Kitengenezwe, kigawiwe au kitoke. Kikombe chenye ufa kitoke pia. Visu vilale ndani ya droo, visikae wazi juu ya meza. Na droo isijazwe hadi ukingoni, acha nafasi chi ipite. Hata kama huamini chi, nafasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha kadi ya bima usiku bila kupekua.

Anza na hiyo ya sebuleni kwa sababu inaguswa kila siku. Mwaga kila kitu kwenye kitenge sakafuni, kisha ipe droo kazi moja tu: nyaraka za afya. Kadi ya bima na za kliniki zikae mbele kabisa. Risiti za luku hazina kazi humo kama umeme umeshaingia. Kugawanya ndani, tumia vikapu vidogo vya milulu, zile nyasi za kusukia, huku kwetu akina mama wanavisuka hata vya ukubwa wa kiganja.

Fundi Randa
Mmeacha suala la kukwama. Makabati mengi ya huku ni paini ya Sao Hill, na ikiuzwa haijakauka sawasawa inavimba mvua zikianza. Dada, usikubali fundi aipige randa wakati wa mvua, maana kiangazi itakauka na droo itacheza. Itoe yote, futa vumbi kwenye njia zake, piga msasa laini, kisha sugua mshumaa mkavu pande zote mbili. Mafuta ya kula usipake, yanashika uchafu. Kama bado inakwama, pindua uangalie kitako: hadibodi ikibonyea kwa uzito, inakwaruza chini. Badilisha hiyo hadibodi tu, kabati halina tatizo.

Neema wa Forest
Mimi ni Mmoraviani na nilijiuliza kama huu si uganga. Kupanga droo sioni ubaya wowote. Ila yule chura wa miguu mitatu mwenye sarafu mdomoni anayeuzwa kuvuta utajiri, mimi siwezi kumweka ndani.

Mjukuu wa Rungwe
Karatasi za shamba ndizo zimenishtua. Kama zina sahihi za mashahidi na mhuri wa kijiji, huo ni ushahidi wa umiliki. Zitoe humo leo, piga kopi, weka halisi kwenye bahasha mahali pakavu. Kama mirathi haijafunguliwa, msimamizi atazihitaji mahakamani. Vitu vingine vya baba usiguse hata kimoja mama asipokuwepo. Kaa naye, mpe kimoja kimoja mkononi, akuambie mwenyewe.

Mama Wawili wa Uyole
Ndaga fijo nyote. Nimekaa na mama leo mchana. Miwani na saa ya baba amechukua, anataka droo yake chumbani kwake na ufunguo wake. Funguo zile kumbe mbili ni za ghala la Tukuyu! Mshumaa nimesugua, droo inateleza. Swali moja kwa Binti wa Kihesa: vikapu vya milulu havitaota ukungu kwa unyevu wa huku?

Binti wa Kihesa
Vinaota kama droo imefungwa muda mrefu wakati wa mvua. Vianike juani siku ya mwanga, na usivibananishe na ukuta wa droo. Ghala la Tukuyu nendeni na mama, huko nako lazima kuna ya kupanga.