Ukoo wa Mwembetanga: gumzo la Jumamosi usiku

Zuhura: 📷 📷 Leo tumekwenda kisiwa cha Chapwani na watoto. Haya ni makaburi ya mabaharia wa Kiingereza wa manowari Pegasus, 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuna anayekijua kisa chake?

Mjomba Khamis: Hao walipigwa hapo hapo bandarini, alfajiri ya 20 Septemba. Manowari yao imetia nanga, mashine zinatengenezwa, Königsberg ya Mjerumani ikaja ikaimiminia mizinga mpaka basi. Kisha Mjerumani akenda zake kujificha Rufiji.

Nassor: Königsberg ndiyo nyambizi?

Mjomba Khamis: La. Ile ni manowari ya juu ya maji. Nyambizi ilifanya yake siku mbili baadaye, huko pwani ya Uholanzi. Ya Unguja ilimuudhi Mwingereza, ya kule ndiyo iliyomtia homa.

Mamdogo Asha: Nassor, ushamfungulia bomba. Hatulali leo 😂

Mjomba Khamis: Asha nyamaza kidogo. Sikilizeni. Tarehe 22 Septemba, asubuhi, manowari tatu kuukuu ziko doria: Aboukir, Hogue na Cressy. Meli ndogo za kuzilinda zilikuwa zimerudi bandarini kwa sababu ya bahari chafu. Bahari ikatulia, lakini walinzi hawajarudi bado. Hizo tatu zinakwenda polepole, mstari mmoja, hata kupinda hazipindi. Chini yao iko U-9, nyambizi ya Mjerumani, nahodha wake Otto Weddigen. Kijichombo cha mafuta ya taa, mabaharia hawafiki 30, topido sita tu.

Zuhura: Topido ndilo lile kombora la ndani ya maji?

Mjomba Khamis: Ndilo hilo. La kwanza likaipata Aboukir. Nahodha akadhani amegonga bomu la kutegwa baharini, akawaita wenzake waje kuokoa watu. Hogue ikaja, ikasimama, ikashusha mashua. Ikapigwa. Cressy nayo ikasimama. Ikapigwa. Haikutimia hata saa mbili, zote tatu zimezama na watu zaidi ya 1,400. Wengi walikuwa wanajeshi wa akiba, watu wazima wenye watoto nyumbani.

Nassor: Duh. Hakuna aliyepona?

Mjomba Khamis: Walipona mia nane na kitu. Mmoja ni kijana wa miaka 15, Wykeham-Musgrave. Kaogelea kutoka Aboukir mpaka Hogue, ndiyo kwanza anapanda, Hogue ikapigwa. Kaogelea tena mpaka Cressy, nayo hivyo hivyo. Akaja kuokotwa anaelea kwenye ubao.

Mamdogo Asha: Masikini! Mama yake alikuwa na dua huyo.

Zuhura: Kwa hiyo huruma ndiyo iliyowaua.

Mjomba Khamis: Sisi watu wa bahari tunajua, mwenzio akizama unasimama. Baada ya siku ile wakubwa wa London wakatoa amri: manowari kubwa isisimame kuokoa watu palipo na nyambizi. Weddigen mwenyewe hakufika mbali. Machi 1915, akiwa na nyambizi nyingine, Dreadnought, manowari ya Mwingereza, ilimpitia juu akazama na watu wake wote.

Suleiman (Erzurum): Asalaam alaykum ukoo. Huku Uturuki 1914 ukiitaja watu wanakwambia Sarıkamış, ndipo jeshi lao lilipoangamia. Kila Januari wanapanda milimani na bendera, maelfu, kwenye theluji. Nilikwenda mwaka jana. Ndevu zangu ziligeuka barafu, na nina koti la kiume!

Mamdogo Asha: Mwanangu vaa soksi mbili.

Suleiman (Erzurum): Navaa mamdogo 😅 Wale hawakuwa na hata hizo. Enver Pasha, Waziri wa Vita, miaka 33, alitaka kuwazunguka Warusi kwa nyuma mwisho wa Desemba. Kamanda wa jeshi, Hasan İzzet, akaona majira hayafai, akajiuzulu. Enver akaongoza mwenyewe. Inaelezwa waliamriwa waache mizigo na makoti mazito ili waende mbio. Na milima wanayoivuka inaitwa Allahuekber.

Nassor: Waache makoti?? Desemba??

Suleiman (Erzurum): Ndiyo. Na Novemba Warusi walikuwa wamezizamisha meli tatu za mahitaji ya jeshi hilo kwenye Bahari Nyeusi. Idadi ya waliokufa wanabishana mpaka leo, ila ni makumi ya elfu, na wengi hawakuguswa na risasi. Walioteremka hai wakakutana na homa ya chawa. Hafız Hakkı, aliyeachiwa jeshi, ilimuua yeye pia, Februari.

Mjomba Khamis: Ndiyo maana nakataa wanaposema baridi iliwashinda. Baridi ilikuwepo kila mwaka, na İzzet aliwaambia.

Zuhura: Na Enver akafanywa nini?

Suleiman (Erzurum): Hakufanywa kitu. Alirudi Istanbul, habari zikafichwa. Lawama wakatupiwa Waarmenia, na mauaji yao ya 1915 yakaanza miezi michache tu baadaye.

Mamdogo Asha: Lahaula. Wizara yake je, walimnyang'anya?

Suleiman (Erzurum): Alikaa nayo mpaka 1918.