Kuacha uhasibu nikasomee uuguzi nikiwa na miaka 34: muda wote, jioni, au kozi fupi kwanza?

Mleta mada
Wadau, naombeni mawazo. Nina miaka 34, ni mhasibu kwa miaka tisa sasa. Mwaka juzi nilimuuguza shangazi wodini wiki sita, na tangu hapo moyo wangu umehamia kwenye uuguzi. Nyumbani hawataki kusikia. Baba ndiye aliyenilipia ada ya uhasibu, anasema natupa jasho lake. Mama haongei, analia tu. Mume wangu hapingi waziwazi, ila kila nikigusia anauliza watoto wataangaliwa na nani.

Naona njia tatu: niache kazi nisome muda wote, nibaki kazini nisome jioni au kwa masafa, au nianze na kozi fupi ya uhudumu wa afya nijipime. Nimeelemea ya pili kwa kuwa haimuudhi mtu sana. Mliopita huku mnasemaje?

Zamu ya Usiku
Dada, mimi ni nesi. Kabla hujalipa ada popote, jua kwamba uuguzi hauwezi kusomwa wote jioni. Sehemu kubwa ni vitendo, na wodi haikusubiri utoke ofisini. Sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, inadai saa 4,600 za mafunzo kwa muuguzi wa kawaida, na angalau nusu yake awe na wagonjwa. Kwingine hesabu ni nyingine, lakini vitendo havikwepeki. Chuo kikikuahidi uuguzi mzima kwa intaneti, nenda kaulize kwenye baraza linalosajili wauguzi kama wanakitambua. Bila usajili, cheti hicho hakikupi ruhusa ya kumhudumia mgonjwa.

Mama Wawili
Mimi nilisoma jioni nikiwa na watoto, nikatoka ualimu nikaingia takwimu. Fani yangu iliruhusu. Lakini piga hesabu hii: kwenye mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka wa masomo ya muda wote ni krediti 60, yaani saa 1,500 hadi 1,800, kujisomea kukiwemo. Ukienda kwa nusu mwendo na ukapumzika wiki mbili tu kwa mwaka, ni saa 15 hadi 18 kila wiki, juu ya kazi yako. Kwangu zilitoka kwenye usingizi na kwenye Jumamosi za wanangu. Mkubwa alifika mahali akaacha kuniletea daftari zake. Nilimaliza na sijuti, ila anayekwambia jioni haiumizi familia hajasoma jioni.

Kwa hiyo mumeo anauliza swali la kweli. Mjibu kwa ratiba iliyoandikwa, siku kwa siku.

Mtu wa Akiba
Mimi nipo upande wa wazazi. Una akiba ya miezi mingapi? Kama haifiki hata mwaka, usiache kazi. Omba likizo bila malipo kwanza.

Baba wa Watatu
Binti yangu, nimewahi kusema maneno ya baba yako kwa mwanangu mwenyewe, neno kwa neno. Mwaka 1985 watafiti Arkes na Blumer waliwauliza watu: umenunua tiketi mbili za safari, moja dola 100, nyingine dola 50, zimeangukia wikiendi moja, na ya dola 50 ndiyo utakayoifurahia zaidi. Utakwenda ipi? Zaidi ya nusu walichagua ya dola 100. Pesa zilishatoka zote mbili, lakini iliyoumiza zaidi ndiyo iliyowavuta. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Ila usimpelekee mzee utafiti. Ada haikuwa hofu yangu kubwa. Niliogopa kijana ataanguka wakati mimi sina tena nguvu za kumwinua, na sikujua kulisema hilo. Muulize baba yako anaogopa nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho.

Mleta mada
Shikamoo baba, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Basi ya pili naiondoa. Zamu ya Usiku, kozi fupi itanisaidia mbele au ni kupoteza mwaka?

Zamu ya Usiku
Inategemea chuo. Kabla ya kujiandikisha uliza kama krediti zake zinahamishika, na jibu ulipate kwa maandishi. Uliza pia kama wana programu iliyofupishwa kwa wenye shahada ya fani nyingine. Nchi kadhaa wanazo. Hata isipohamishika, miezi michache ya kubadilisha mashuka na kuogesha wagonjwa itakuonyesha kama unaipenda kazi au ulimpenda shangazi.

Mleta mada
Hilo la mwisho limenigusa, nitaanza na kozi fupi. Likizo bila malipo nimeiomba leo. Jana nilimuuliza baba anachoogopa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza usiku wa zamu nitarudi nyumbani na nani. Ndilo swali la kwanza kuniuliza kuhusu uuguzi.