Laktulosi, makrogoli au isabgoli: ipi inamfaa mwenye kisukari?

Mtaa_wa_Pili: Wenye kisukari aina ya 2 wanaofunga choo huikataa sirapu ya laktulosi kwa kuwa ni tamu kama asali. Wanaojua dawa, naomba tuilinganishe kwa gramu na makrogoli (unga wa kulainisha choo unaoyeyushwa majini) na isabgoli (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi).

Mfamasia_Pwani: Utamu wake unatisha bure. Laktulosi ni sukari mbili, galaktosi na fruktosi, zilizoshikana, na utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuziachanisha. Inashuka nzima hadi utumbo mpana, bakteria wanaigeuza asidi, maji yanavutwa, choo kinalainika baada ya siku moja au mbili. Kinachoweza kuingia damuni ni masalia ya sukari ya kiwandani: kwenye sirapu ya gramu 10 kwa ml 15, galaktosi huwa chini ya gramu 1.6 na laktosi chini ya 1.2. Kwenye dozi ya ml 30 kwa siku basi masalia hayo hayafiki gramu 6, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Glasi ya juisi ya ukwaju yenye vijiko viwili vya mezani vya sukari ina gramu 25. Anayeikimbia laktulosi akanywa ukwaju ndiye anayejipandishia sukari.

Nesi_wa_Kliniki: Nakubali, ila tutaje dozi ipi. Mgonjwa wa ini hupewa ml 30 hadi 45, mara tatu au nne kwa siku. Kwenye ml 180 masalia yanaweza kupita gramu 30, na huyo apime sukari mara nyingi zaidi. Anawe kwa sabuni na kukausha kidole kabla ya kutoboa. Sirapu inanata, na baadhi ya mashine husoma galaktosi kama glukosi, zikampa namba ya uongo.

Mfamasia_Pwani: Asiyetaka wasiwasi wowote achukue makrogoli. Si sukari, na karibu yote hutoka kama ilivyoingia. Gesi ni kidogo kuliko ya laktulosi. Pakiti ya gramu 13 huyeyushwa kwenye maji ml 125. Inayoharibu mambo ni soda: watu huichanganya humo kuficha ladha ya chumvi, kisha wanailaumu dawa. Mwenye moyo au figo dhaifu amuulize daktari kwanza, kwa sababu pakiti nyingi zina sodiamu na potasiamu.

Bi_Shamba: Na isabgoli?

Nesi_wa_Kliniki: Nzuri, tena hupunguza kasi ya sukari kufyonzwa baada ya mlo. Nunua maganda matupu. Zile pakiti zenye ladha ya chungwa nyingine zimetiwa sukari, soma nyuma. Gramu 3.5 kwenye glasi nzima ya maji, koroga, kunywa papo hapo kabla haijawa uji mzito. Maji machache, inaweza kukwama kooni au kuziba utumbo. Ambaye kisukari kimedhoofisha tumbo lake, chakula kikachelewa kushuka, asiitumie.

Mtaa_wa_Pili: Na sukari ikishuka ghafla, laktulosi inaweza kuokoa?

Mfamasia_Pwani: Hapana kabisa! Kwa sababu ile ile, haifiki damuni. Sukari ya damu ikiwa chini ya 4 mmol/L, mpe gramu 15 za glukosi au sukari ya kawaida kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Na anayetumia metformini, dawa ya kisukari, akianza kuharisha kwa laktulosi, asimamishe sirapu, anywe maji. Akiendelea kuharisha au kutapika, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana upungufu wa maji huumiza figo na kupandisha sukari.