Wakuu, aliyewahi kuendesha Oodnadatta Track naomba ushauri: Januari, watoto wawili

Mhehe_wa_Mbali
Habari za jioni wanajamvi. Niko Adelaide, Australia, mwaka wa nne sasa. Januari shule zikiwa zimefungwa, mimi na mama watoto tumepanga tupite Oodnadatta Track, kutoka Marree mpaka Marla, kama kilomita 620 za vumbi tupu, halafu turudi kwa lami kupitia Coober Pedy. Watoto wana miaka 9 na 6. Gari ni SUV ndogo, haina 4x4, ila matairi yako vizuri. Kinachonivuta ni historia: reli ya zamani ya treni iitwayo Ghan, na wale watu waliosafirisha mizigo kwa ngamia. Wenzangu kazini wanasema nimechanganyikiwa. Jamani mimi nimekulia Iringa, rafu rodi siiogopi. Gari litatoboa? Mafuta nibebe madumu mangapi? Natanguliza shukrani.

Kitonga_Hakuna_Breki
Wazungu waoga hao. Sisi tumepita Itigi–Rungwa masika na Corolla. Jaza tenki, beba soda za watoto, twende kazi.

Dereva_Kipofu
Mkuu hapo juu usimpoteze mwenzio. Itigi ukikwama, jioni atapita mtu na baiskeli, na akishindwa kukusaidia atakwenda kuwaita wenzake. Huku unaweza kukaa masaa manne hujaona hata vumbi la gari, na simu haishiki hadi ufike mji unaofuata.

Nimeipita mara mbili, zote Julai. Mafuta ndiyo yasikunyime usingizi: Marree hadi William Creek ni kama kilomita 200, hapo hadi Oodnadatta 200 nyingine, hadi Marla 210 hivi, na kote huko yanauzwa, bei tu ndiyo itakuliza. SUV yako nayo njia ikiwa kavu inapita. Tatizo lako ni Januari. Oodnadatta ilipimwa nyuzi 50.7 tarehe 2 Januari 1960. Sasa mweke mtoto wa miaka 6 kando ya gari lililozima, hakuna hata mti wa kivuli.

Tairi zako za mjini ni nyembamba ubavuni. Mara ya kwanza nilipata pancha kaskazini ya William Creek, kijiwe kimechongoka kama shoka kimepasua ubavu. Nikaweka jeki, ikazama mchangani. Nikaitoa, nikaiweka tena, ikazama. Nzi wameingia masikioni, puani, nikifungua mdomo kumwita Mungu wanaingia humo pia. Bila ubao wa kuweka chini ya jeki ningelala pale. Kwa hiyo: spea mbili, pampu, punguza upepo kidogo ukiingia kwenye vile vijituta vya mfululizo kama bati, na usizidi 80. Maji lita 10 kwa kila mtu kwa siku, na akiba juu yake.

Na gari likizima MSILIACHE. Gari linaonekana kutoka angani, mtu anayetembea kwa miguu haonekani.

Mhehe_wa_Mbali
Duh. Na mvua je? Nilidhani jangwani mvua si hoja.

Dereva_Kipofu
Ndiyo hoja yenyewe. Mvua kidogo tu ule udongo unakuwa kama sabuni, serikali inafunga njia, na ukipita ilipofungwa ni faini. Hiyo reli unayoifuata walishindwa nayo kwa ajili hiyo hiyo: mafuriko yalikuwa yanabeba tuta, treni inakaa siku kadhaa inasubiri maji yapungue. Wakajenga nyingine mbali magharibi, hii ikafungwa 1980. Ukifika Algebuckina utaona daraja la chuma la mita 578, la mwaka 1892, limesimama juu ya mto ambao siku nyingi hauna hata tone. Ndipo utaelewa kwa nini walilifanya refu vile.

Bi_Mtende
Wanangu mmeongea matairi tu. Mimi nilikwenda na mume wangu na wajukuu. Pale Marree kuna msikiti mdogo wa udongo, ni mfano uliojengwa upya, na minazi sijaona lakini mitende ipo! Wale watu wa ngamia waliitwa Waafghani, ingawa wengi walitoka Baluchistan na Punjab. Walibeba kila kitu kwa ngamia kabla ya malori.

Ukitaka kuelewa hiyo njia, fuata maji. Kuna chemchemi zimejipanga jangwani, Waarabana, wenyeji wa asili wa huko, walizijua tangu enzi na enzi. Mpelelezi John McDouall Stuart akapita humo humo, waya wa simu ya maandishi ukafuata 1872, kisha reli. Simama kwenye chemchemi inayoitwa The Bubbler: maji yanapanda na mchanga, yanavimba, yanapasuka pole pole kama uji mzito jikoni. Mjukuu wangu aligoma kuondoka. Hapo hamna kuoga lakini, ya kuoga iko Coward Springs.

Kitonga_Hakuna_Breki
Nimefuta kauli kuhusu soda. Abebe maji.

Mhehe_wa_Mbali
Asanteni sana. Nimemsomea mama watoto uzi wote, tumehamishia likizo ya Julai. Nitakodi gari lenye 4x4, ila nimepiga simu sehemu mbili, zote mkataba hauruhusu barabara isiyo na lami.

Dereva_Kipofu
Uliza wanaokodisha magari ya kambi, wapo wanaoruhusu, wakuandikie. Na uombe redio ya UHF, ya kuongea na madereva wengine, malori ya matela matatu yanakuja na vumbi lao, unawaita chaneli 40 kabla hujawapita. Usiku usiendeshe, kangaruu.

Mhehe_wa_Mbali
Sawa mkuu. Ule ubao wa jeki ulinunua wapi?

Dereva_Kipofu
Sikununua. Ni ubao wa kukatia mboga wa mke wangu. Mpaka leo anaamini tuliusahau Port Augusta.