Mrejesho: malipo ya likizo baada ya waziri wetu kuondoka

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kama sisi wasaidizi wa waziri, tuliomaliza kazi baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, tunalipwa likizo tusizokwenda pamoja na kiinua mgongo.

Aliyenambia "soma mkataba wako kwanza", Mungu amzidishie. Likizo imo. Tatizo lilikuwa ushahidi, maana ofisini walishikilia kuwa nilishakwenda. Nikapanda boti bandari ya Mkoani, Pemba, na barua ya kuahirishiwa likizo, muhuri wa zambarau umechujuka lakini tarehe inasomeka. Karani akaisoma mara mbili, kimya, akaitoa kopi.

Siku 19 nimeshalipwa. Kiinua mgongo cha mkataba bado, naambiwa kinasubiri fungu la fedha. Pesa za ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ni jambo jengine kabisa: ile ni michango, haichanganywi na deni la mwajiri. Hapo nilikosea, nikapoteza miezi miwili kwenye dirisha lisilohusika.

Wenzangu wawili hawana barua yoyote, na walifanya kazi mpaka usiku wa Idi. Inaniuma sana. Mwenye kujua wapitie wapi, tafadhali aseme.