Naomba ushauri: Paris na Lyon na watoto, bila nguruwe

Wakuu, naomba mnikosolee ratiba hii. Tuko wanne, watoto wa miaka 7 na 11.

Paris kwanza. Makumbusho ya Orsay hufungwa Jumatatu na ya Louvre Jumanne, kwa hiyo nimepanga Orsay Jumanne, Louvre Jumatano maana siku hiyo hufunga saa 3 usiku. Chini ya miaka 18 ni bure kote, ila Louvre hata watoto ni bora wakatiwe nafasi mapema. Kisha TGV, treni ya mwendo kasi, toka kituo cha Gare de Lyon hapo Paris hadi Lyon, mwendo wa kama saa 2.

Kinachonisumbua ni Lyon kwenyewe. Ile mikahawa ya kienyeji, bouchon, imejaa nguruwe: andouillette ni soseji ambayo mara nyingi ni ya utumbo wake, saladi ya Lyon ina vipande vya bekoni, hata dengu huja na soseji. Quenelle ya samaki, yaani tonge laini la samaki, ingetufaa, mchuzi wake wa Nantua ni kamba wa mtoni na siagi. Kuna bouchon inayofungua Jumapili usiku au Jumatatu? Nyingi hufunga, na chakula cha usiku huanza saa 1 na nusu, mdogo keshasinzia. Au tununue tu mkate na jibini la Saint-Marcellin, tukale bustani ya Tête d'Or?